Kitambaa Kimekuwa Chekundu, Lakini Rangi Yako Hatujaiiba

Bosi mmoja, mteja wetu, alipita karakanani kwetu, tunakopolishi magari kwa mashine, kuangalia gari lake bila kutupigia simu. Sawa, gari ni lake. Ila aliingia dakika ileile ambayo kijana wetu alikuwa anainua mashine kutoka kwenye boneti, na sponji ilikuwa nyekundu kama imechovywa kwenye damu. Pembeni kulikuwa na vitambaa kumi na kitu, navyo vyekundu. Mzee wa watu akashika kichwa. "Nimewaletea gari mling'arishe, nyie mnalichuna!" Tukampa kiti, hakukaa. Tukampa maji, hakunywa.

Si wa kwanza. Wengine hupiga picha ya kitambaa na kuwatumia rafiki zao, na tunakuja kusikia kwa watu wa pembeni kwamba karakana yetu inakula rangi za watu. Basi leo tuliseme lote.

Gari lenyewe lilikuwa Ferrari 308 GTB, zile za mwanzo zenye bodi ya faiba, yaani plastiki yenye nyuzi za kioo. Zilitengenezwa kati ya 1975 na 1977, 712 tu, kisha kiwanda kikahamia bodi ya chuma. Hili lilikuwa bado na rangi yake ya zamani, na rangi hiyo haina klia. Hapo ndipo kisa chote kinapoanzia. Gari la siku hizi lina rangi, halafu juu yake limepigwa klia, tabaka angavu lisilo na rangi. Ukilipolishi, unachopunguza ni klia, kwa hiyo kitambaa kinatoka na uchafu mweupe na hakuna anayeshtuka. Gari lisilo na klia, rangi yenyewe ndiyo uso. Jua na hewa vimeila miaka na miaka, juu imekauka na kupauka, nyekundu imegeuka karibu waridi. Chekundu unachokiona kwenye kitambaa ni ile rangi iliyokufa. Nyekundu hai iko chini yake.

Ukitaka kujua gari lako ni la aina gani, chukua kitambaa cheupe, tia tone la polishi laini, sugua sehemu iliyojificha, tuseme ndani ya kizingiti cha mlango. Kikitoka na rangi ya gari, hakuna klia. Sisi hufanya hivyo kabla mashine haijaguswa, na tangu siku ile tunafanya mbele ya mwenye gari.

Sasa lalamiko la pili, kwamba gari kama hili linakaa kwetu siku tano: "Siku tano za nini, wakati muosha magari anapolishi kwa saa moja?"

Siku ya kwanza yote hatupolishi. Tunaosha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza glavu, ili mchanga tuliotoa mlangoni tusiupeleke kwenye boneti. Tunapuliza dawa ya vumbi la chuma la breki, ile inayogeuka zambarau. Tunapitisha udongo laini wenye kilainishi hadi uso uwe kama kioo. (Jaribu nyumbani: vaa mfuko wa plastiki mkononi, papasa rangi iliyooshwa. Kila punje utaisikia.) Kisha tunabandika tepu kwenye kingo zote, raba na nembo. Halafu tunapima.

Kupima ndiko kunakokula muda, na ndiko wateja wanakoona ni maringo. Rangi ya kiwandani ya gari la leo, kuanzia prima (tabaka la chini kabisa) hadi klia, mara nyingi huwa kati ya mikroni 100 na 150; mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani una kama 70. Klia peke yake inaweza kuwa 40 au 50. Huo ndio mtaji wako wote. Kila mng'aro unaotokana na mashine unanunuliwa kwa kukata sehemu ya mtaji huo, na hakuna polishi inayorudisha hata mikroni moja. Mwenye gari la kawaida akiumaliza, anapuliza upya na maisha yanaendelea. Mwenye gari ambalo yalitengenezwa 712 tu anapoteza kitu ambacho fundi rangi hodari kuliko wote hawezi kumrudishia, yaani rangi iliyotoka nalo kiwandani.

Halafu kuna faiba. Kile kipimo kidogo cha sumaku ambacho wateja hujinunulia kinasoma juu ya chuma. Cha alumini kinatumia njia nyingine. Kwenye faiba vyote viwili ni bubu. Yule bosi wa Ferrari alikuja na chake, akakiweka, hakikusema kitu, akasema gari limejazwa puti, ule uji wa kuziba mabonde. Hapana mzee, faiba inapimwa kwa mawimbi ya sauti, unatia tone la jeli kila pointi na kusubiri. Mlango mmoja peke yake tulipima pointi 20.

Na faiba haisambazi joto kama bati. Joto la sponji linabaki palepale unaposugua, kwa hiyo ukizubaa kidogo rangi inalainika na kuharibika. Kijana wetu anasimama kila mara, anapima joto, anasafisha sponji iliyojaa, anaendelea. Ukimtazama kwa mbali unaona mtu anayevuta muda.

Gari hilohilo lilikuwa limeshapita mahali pengine kabla ya kufika kwetu. Mwenyewe alitueleza kwa fahari kwamba walilimaliza asubuhi moja, na liling'aa hadi akapiga picha. Baada ya kuoshwa mara tatu, mikwaruzo ikarudi yote. Haikurudi, ilikuwepo. Walikuwa wamepaka polishi yenye mafuta ya kujaza mikwaruzo, nayo ilipooshwa ikaondoka. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba walitumia mashine nzito ya mzunguko na kampaundi kali, ile polishi ya kukwangua, na kwenye ukingo wa fenda ya nyuma walipita mara moja zaidi ya ilivyopasa. Kwenye kingo rangi huwa nyembamba. Palikuwa na mstari wa kijivu wenye urefu wa kidole. Hiyo ni prima.

Mstari wa kidole, mtu anasema gusia rangi kidogo yaishe. Lakini nyekundu iliyozeeka huipati kwenye kopo. Ukipuliza fenda, mlango unaonekana tofauti, inabidi rangi ififishwe taratibu hadi mlangoni ili jicho lisione mpaka. Siku mnunuzi akija na kipimo cha maana, fenda inasoma mara mbili ya boneti, na mazungumzo ya bei yanaanzia hapo. Tulimshauri asipulize fenda, ule mstari tukauziba kwa ncha ya brashi tu. Unaonekana ukiinama. Asubuhi ile moja ya bei nafuu imemgharimu kuliko siku zetu tano, na bado tunaambiwa sisi ndio ghali.

Jambo lingine lililomuudhi: karibu na kitasa cha mlango tuliacha mikwaruzo miwili. Ilitokana na pete au funguo. Ukipitisha ukucha, unanasa. Mkwaruzo unaonasa ukucha ni mrefu kwenda chini kuliko rangi tunayothubutu kukata. Tuliilainisha midomo yake ili isishike mwanga, tukasimama hapo. "Nimelipa, mmeacha." Ndiyo, tumeacha kwa makusudi, na kuacha nako ni kazi. Fundi anayekuahidi kufuta kila kitu muulize kwanza amepima ngapi.

Dawa ya meno msitumie kufuta mikwaruzo. Tumeshaona boneti nyeusi yenye doa la ukungu upana wa sahani kwa sababu ya mkwaruzo mmoja. Wala msipanguse vumbi kwa kitambaa kikavu. Ile mistari kama utando wa buibui juani huweza kutoka huko. Na seramiki, ile mipako ya kulinda rangi, haifuti mikwaruzo, inaifungia ndani ukaitazame vizuri zaidi.

Bosi, vitambaa vyako tumeviweka kwenye mfuko, na karatasi ya vipimo ipo juu yake. Mlango, pointi ya saba, kabla: mikroni 131. Baada: 129. Ukija kuchukua gari, njoo na kitambaa chako cheupe usugue mwenyewe. Kitatoka chekundu.