Kucha za Baba Mdogo

Manchester, Uingereza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Picha mlizopiga mkichuma chai hapo Tukuyu zimenifikia, na tangu nizione nawaza mikono ya Baba Mdogo. Ncha za vidole vyake zimevimba na kucha zimepinda kuelekea chini. Najua atasema ni kazi ya jembe, lakini jembe huotesha sugu kiganjani; haliwezi kuvimbisha ncha za vidole vyote kumi bila maumivu.

Kipo kipimo kisichohitaji mashine, ambacho Leo Schamroth, daktari wa moyo wa Afrika Kusini, alikieleza mwaka 1976 baada ya kuona mabadiliko hayo kwenye vidole vyake mwenyewe alipougua moyo. Mwambie agusanishe migongo ya vidole vyake viwili vya shahada, ukucha kwa ukucha, kisha atazame penye mwanga. Kwa kawaida huonekana kijitundu chenye pembe nne kwenye mashina ya kucha. Kisipoonekana, dalili imethibitika. Wapo waliorithi vidole vya namna hiyo na ni wazima kabisa, ila yeye hakuwa navyo, na mabadiliko yanayokuja ukubwani mara nyingi hutokana na ugonjwa wa mapafu, ikiwemo saratani au usaha kifuani, au wa moyo, au wa ini. Kwa kuwa kikohozi chake hakijakoma, nakusihi apelekwe hospitali ya rufaa Mbeya, apimwe makohozi na apigwe picha ya kifua.

Mfereji unaokatiza kucha za mdogo wangu usikusumbue. Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, hivyo mfereji uliofika katikati ni alama ya ile homa kali ya miezi michache iliyopita, nao utaisha kadiri kucha zinavyokua. Hata mistari myeusi kwenye kucha zako, Mama, ni ya kawaida kwetu watu weusi. Mstari mmoja pekee unaozidi kupanuka ndio wa kumwonyesha daktari.

Nauli na fedha za vipimo nimetuma kwenye simu ya Dada. Tafadhali Baba Mdogo asiende peke yake, kwa maana akiulizwa atajibu kwamba haumwi, naye daktari anapaswa kusikia habari za kikohozi hicho tangu kilipoanza.

Mwanao akupendaye