Maharage ya moto tusifungiwe kwenye nailoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme jambo linalonikaa moyoni kuhusu chakula chetu hapa Dar es Salaam, hasa sisi tunaoondoka nyumbani kabla ya jua na kurudi usiku. Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Kariakoo, nyumbani ni Tabata, na katikati ipo foleni ya Buguruni. Mume wangu ni dereva, mara nyingi yuko safarini. Tuna binti wa kidato cha tatu na mdogo wake wa darasa la nne.

Majuzi mama mkwe alikuja kutoka Muheza, Tanga, kukaa nasi juma moja. Tulimpokea Jumapili jioni stendi ya Mbezi akiwa na kiroba cha machungwa, iliki na pilipili manga za milimani Amani, na kawa mbili za kufunikia chakula alizosuka kwa mkono wake. Kawa nilizishukuru sana, nikazitundika ukutani kama pambo.

Jumatatu asubuhi nikafanya kama siku zote. Nilimtuma mwanangu kwa mama lishe wa kona akanunue chapati na maharage. Akarudi na chapati kwenye gazeti, maharage kwenye nailoni. Kila anayeishi mjini anaujua mfuko huo. Maharage yalikuwa yametoka jikoni yakitokota, nao mfuko umelegea, umefanya makunyanzi pale chini palipokaa mchuzi, na fundo limebana kiasi kwamba hata ukucha hauingii. Mimi huung'ata kona kwa meno nikakamulia bakulini. Nilikuwa nimeshaupeleka mdomoni, mama akanishika mkono.

"Mwanangu, mbona kinanuka hiki?"

Akaninusisha. Kweli, ilikuwepo harufu, ya mbali, kama ya mpira ulioachwa juani. Mimi nilikuwa nimeizoea miaka yote hiyo nikidhani ndivyo yanavyonukia maharage ya kununua. Mama hakuyagusa. Alikula chapati kwa chai ya rangi, akasema ameshiba. Walioolewa wanajua uzito wa mama mkwe kuinuka mezani kwako hajala.

Njia nzima ya kwenda kazini niliwaza, na nilipowasha pasi nikaona aibu zaidi, maana jambo hili mimi ndiye niliyepaswa kulijua kuliko wote. Fundi yeyote anajua pasi ya moto ikigusa kitambaa cha polista hutokea nini: kinajikunja, kinang'aa, kisha kinaganda kwenye chuma, na moshi wake unakereketa koo. Polista ni plastiki. Siwezi kuweka pasi kali juu ya gauni la mteja, lakini kila asubuhi nilikuwa nakubali mchuzi unaochemka umiminwe kwenye plastiki nyembamba kuliko kitambaa chochote ninachokishona, kisha nawapa wanangu.

Nikaanza kuhesabu. Uji wa ulezi wa kijana, nailoni. Maharage, nailoni. Supu ya utumbo aliyoletewa mume wangu siku aliyorudi, nailoni mbili, maana moja huvuja. Mpaka Jumatano usiku zilifika 11 katika nyumba moja.

Jumatano hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Nilichelewa, nikapitia chipsi mayai na chipsi kavu kituoni. Chipsi zilitoka kwenye mafuta zikichuruzika, zikamiminwa kwenye mfuko mweupe, zikatiwa chumvi na pilipili, mfuko ukatikiswa. Kufika nyumbani mfuko mmoja una tundu kama la kifungo cha shati, kingo zake zimekuwa ngumu. Mwanangu alikuwa ameanza kula. Nilimimina zilizobaki kwenye sinia nikazipekua chini ya taa, na kwenye kipande kimoja cha chipsi nikakuta kimeganda kitu chembamba kinachopitisha mwanga, kama gamba la dagaa. Nilikibandua kwa ukucha. Kilikuwa kipande cha mfuko. Vingine kama hicho ameshavila vingapi, sijui.

Binti yangu akanieleza kwa utulivu kuliko nilivyokuwa mimi. Alisema mifuko hii tunaiita nailoni tu, ila ni polithini, na polithini huyeyuka kati ya nyuzi 105 na 135 hivi, ilhali mafuta ya kukaangia chipsi hufika nyuzi 170 na zaidi. Maharage yanayochemka hayafiki hapo, ndiyo maana mfuko unalegea tu, hautoboki. Lakini kadiri chakula kilivyo cha moto na chenye mafuta ndivyo vilivyomo kwenye plastiki vinavyohamia kirahisi kwenye chakula, na mifuko mingi ya mitaani haina hata maandishi ya kuonyesha imetengenezwa kwa ajili ya chakula.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu mama lishe. Bila wao Kariakoo haisimami hata saa moja. Anayetulisha sisi mafundi hufika saa sita na nusu, beseni kichwani, sahani zimepangwa juu ya nyingine: wali, maharage, mchicha, kipande cha samaki wa kukaanga kwa anayetaka, na pilipili yake ya ndimu pembeni. Anatunawisha kwa jagi, tunakula, saa nane anapita kukusanya sahani zake. Wali wake ni mchele wa Kyela, unanukia kabla hajageuza kona. Jumanne nilimchukua mama akaja kula nasi, na yule mama wa watu wa Tanga, asiyesifia ovyo mapishi ya mtu, alimuuliza mchicha ameutia nini. Sahani zilitoka, sahani zikarudi. Hakuna mfuko hata mmoja uliotupwa kwenye mtaro.

Kwa hiyo shida si kula cha kununua. Wapo watakaosema wanawake wa mjini tumekuwa wavivu, tupike wenyewe yaishe. Hapana. Maharage tunanunua kwa sababu ya moto. Sufuria ya maharage inataka saa mbili jikoni. Kujaza mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 mtaani kwetu kunakaribia shilingi 25,000, na mkaa nao unapanda kila mvua zikinyesha. Mama lishe mmoja akichemsha sufuria moja kubwa kwa ajili ya mtaa mzima, moto unaotumika ni mdogo kuliko kila nyumba ikiwasha jiko lake. Hiyo ni akili nzuri na iendelee. Ninachokikataa ni hizo dakika kumi za mwisho, kutoka kwenye sufuria yake mpaka kwenye meza yangu.

Alhamisi mama alisema leo jikoni msinipangie. Aliomba majani ya muhogo kwa jirani mwenye kiwanja nyuma ya nyumba, akaazima kinu na mchi kwa mama mwingine ambaye hata mimi nilikuwa sijui kama anacho. Nilimkuta nimerudi bado yuko jikoni. Kisamvu hakitaki haraka: anachagua majani machanga, anatwanga mpaka yanakuwa laini, anachemsha kwa maji mengi sufuria ikiwa wazi mpaka ule ukali wote uishe, ndipo kunde, ndipo tui. Nazi alikuna mbili, akakamua tui la kwanza akaliweka kando, la pili akapikia, na lile zito akalitia mwisho kabisa huku anakoroga bila kupumzika lisikatike. Tulikula na ugali. Kijana wangu, ambaye mboga za majani huwa namlazimisha, aliomba tena.

Na Ijumaa nilifunga mapema tukaenda wote Feri. Tulinunua changu kwa fungu, wakapaliwa magamba palepale, jioni ikawa wali wa nazi na mchuzi wa samaki wenye bamia na ndimu. Nilipopakua, mama alitoa kawa zangu ukutani, akazipangusa vumbi, akafunika hotipoti moja na bakuli moja. Hakusema neno.

Jumamosi ndiyo akamtuma mjukuu wake kwa yuleyule mama lishe wa kona. Alimpa bakuli la bati lenye maua, kawa juu yake. Binti alisita, nami namwelewa. Wenzake wa mtaani walikuwa wamekaa kibarazani, na kutembea na bakuli siku hizi kunaonekana ushamba, au kwamba nyumba hiyo inaomba chakula. Bibi yake akamwambia, "Mama yako ametumwa na bakuli hivi hivi utotoni, na mimi pia." Akaenda. Aliporudi maharage yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni. Mama lishe amemwongezea upawa mzima akisema bakuli halidanganyi, nailoni huwezi kujua ametia nusu au robo. Akamwambia na jingine: angependa wote waje na vyombo, kwa sababu makontena ya foili ni shilingi 300 hadi 400 kwa moja, na maharage yenyewe anauza 500, hivyo hawezi, nailoni ndiyo inayomwacha na faida.

Baadaye siku hiyo tuliwapeleka watoto Coco Beach kula mihogo ya kukaanga na mishikaki. Kachumbari, pilipili, sahani, upepo. Sina la kulalamikia pale.

Sasa hoja yangu. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Tulisema haiwezekani, na ndani ya wiki chache kila mtu anakwenda sokoni na kikapu au mfuko mbadala. Vifungashio viliachwa, kwa sababu dawa, bidhaa za viwandani na mazao vinahitaji kufungashwa. Nakubali. Lakini mchuzi unaochemka kumiminwa kwenye mfuko usio na jina la kiwanda wala alama yoyote, hilo naomba wenye mamlaka walitazame kipekee na watuambie wazi: mfuko huu ni wa chakula cha moto au si wa chakula cha moto? Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Hata akiwa mmoja tu katika kila kumi anayefungiwa kifungua kinywa namna hiyo, ni zaidi ya nusu milioni ya mifuko kila asubuhi, na kila mmoja kazi yake ni dakika kumi, kisha unakwenda kuziba mtaro.

Kwa mama lishe na wauza chipsi wa jiji hili, ombi langu ni dogo. Kabla hujavuta nailoni, muulize mteja, "Umekuja na bakuli?" Mwenye bakuli mwongeze upawa kama alivyofanya wa kwetu, atarudi kesho nalo. Kwa wazazi wenzangu: tusiwatume watoto mikono mitupu. Kwa maofisi na viwanda: kila mfanyakazi akiwa na sahani yake na kijiko kwenye droo, mama lishe atapakua humo.

Nawe Mhariri, nina ombi kwako pia. Chapati zetu zinafungwa kwenye magazeti, na nimeshakuta herufi zimehamia kwenye andazi, zinasomeka kinyumenyume. Wino wa kuchapia haukutengenezwa kuliwa. Naomba siku moja mtafute wataalamu wa lishe na wa kemia watueleze yote mawili, nailoni na wino, kwa Kiswahili chepesi, katika ukurasa ambao mama lishe ataubandika ukutani badala ya kufungia maandazi.

Mama alirudi Muheza Jumatatu. Upande wangu nimeanza na ninachokiweza. Kibandani vipande vya kitenge vinabaki kila siku, na nilikuwa navitoa vikafanywe matambara. Sasa navishona vifuko vya kubebea bakuli: kitako duara, mikono miwili, kamba ya kukaza juu ili mchuzi usimwagike kwenye daladala. Mpaka leo nimeshona 14, tisa nimempa mama lishe wa beseni awagawie wateja wake, vingine viko kwa yule wa kona Tabata. Sivitozi. Vipande ninavyo vya kutosha, na anayetaka chake apite na bakuli lake nimpimie.

Fundi cherehani,
Kariakoo, Dar es Salaam