Barua kwa mwanangu: usilipe arubuni ya Kilimanjaro bado

Mombasa

Mwanangu,

Sote hapa nyumbani hatujambo. Zile bei tatu za kupanda Kilimanjaro ulizonitumia nimezisoma, na naona moyo wako umeshaegemea ile ya chini: siku tano, njia ya Marangu, kila kitu ndani. Arubuni isubiri kwanza. Wapigie simu uwaulize haya.

Anza na wapagazi, ambao kule mlimani huitwa wagumu. Najua ulitaka kuanza na hema na chakula chako. Lakini ada za hifadhi huenda serikalini, na kampuni haiwezi kuzishusha hata senti. Ikiwa bei yake iko chini sana kuliko ya wenzake, imekata mahali, na pepesi pa kukata ni kwa mgumu: ujira wake, chakula chake, au idadi yao. Wakihitajika wanne wakapelekwa wawili, mzigo haupungui kwa sababu hiyo. Na huyo aliyelala njaa na baridi ndiye utakayemtegemea akushushe usiku wa manane ukizidiwa.

Kwa hivyo waulize: kwa mtu mmoja mnatoa watu wangapi? Kiongozi, mpishi na wapagazi watatu au wanne ni hesabu ya kuaminika. Mkiwa kikundi, lazima pawe na kiongozi msaidizi, ili mmoja wenu akishushwa wengine wasilazimike kurudi naye. Mzigo wa kampuni anaobeba mpagazi usizidi kilo 20, na begi lako wewe ndani yake lisizidi 15. Langoni hupimwa, lakini mizani ya lango haimalizi maneno. Mzigo waweza kupimwa umegawanywa vizuri, kisha mbele kidogo msituni wapagazi wawili wakarudishwa na vitu vyao wakabandikwa waliobaki. Ndiyo maana kampuni safi hupima tena kila asubuhi kambini kwa mizani ya kuning'iniza. Waulize kama wanayo, na usikilize wanavyojibu. Anayepima kila siku hujibu papo hapo.

Waulize pia wapagazi wanalala wapi. Ukiambiwa "kwenye hema la kulia chakula", elewa maana yake: watu hao hawapati pa kujilaza mpaka wageni wamalize chai na mazungumzo yao, na mara nyingi hema hilo halina sakafu. Wanakula mara ngapi? Mara tatu ndilo jibu. Wanalipwa lini? Ndani ya siku mbili baada ya kushuka. Kiwango cha chini kilichozoeleka kwa miaka mingi kilikuwa shilingi 20,000 za Tanzania kwa siku. Pale Moshi kuna shirika liitwalo KPAP, linalofuatilia jinsi wapagazi wanavyotendewa na kutangaza kampuni zinazoshirikiana nalo. Jina la kampuni yako likiwamo, kazi yako imepungua nusu. Lisipokuwamo, si lazima wawe wabaya, ila wakujibu wenyewe kimoja kimoja. Bakshishi nayo usiitie yote kwenye bahasha moja ukampa kiongozi. Itangazwe mbele ya wote, kila mtu ajue fungu lake.

Sasa siku. Wewe unatoka usawa wa bahari, na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, ambako shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la hapa kwetu. Ukishapita mita 3,000, kanuni ya madaktari wa milimani ni kutopandisha mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kupumzika kila baada ya siku tatu au nne. Ipime hiyo Marangu ya siku tano kwa kanuni hiyo: usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720; wa pili Horombo, 3,720; wa tatu Kibo, karibu 4,700; na usiku huo huo unaamshwa kwenda kileleni. Mita elfu moja kila usiku! Mbio za sakafuni hizo. Njia si mbaya, ila iwe siku sita, na usiku wa ziada uwe Horombo, siku hiyo upande mpaka karibu mita 4,000 na kurudi kulala palepale.

Njia ya Machame nayo wanauza ya siku sita na ya siku saba, na tofauti ni kambi moja tu, Karanga. Kwenye siku sita unatoka kambi ya Barranco ukapitiliza hadi kambi ya Barafu, mita 4,673, unalala saa chache, kisha unapanda mita 1,200 na ushei gizani. Chukua saba. Njia ya Lemosho ya siku nane ndiyo ningekuchagulia mimi kama pesa inatosha, kwa kuwa inakupandisha hadi Lava Tower, kama mita 4,600, halafu inakushusha kulala Barranco, chini ya 4,000. Mwili hujifunza kwa kupanda juu na kulala chini. Kukimbia ngazi za ghorofani kila jioni kutakupa miguu na pumzi, lakini hakuzoezi damu yako hewa nyepesi, wala ujana hausaidii. Vijana wenye nguvu ndio wanaotangulia mbio na kuugua.

Na sisi watu wa Pwani tuna letu. Chembechembe za urithi za selimundu, ugonjwa wa damu, zimeenea kwetu, na anayezibeba bila kuugua huishi hapa pwani bila kujua. Juu kule, oksijeni ikipungua, wengu wake waweza kudhurika: maumivu makali chini ya mbavu za kushoto. Kapime damu kabla hujalipa. Mwulize daktari pia kuhusu Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa unaoletwa na hewa nyepesi ya mlimani. Kawaida ni miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Hukojoza sana na kutia ganzi vidoleni, na mwenye mzio wa dawa za salfa asiiguse bila kauli ya daktari. Homa ikikushika mlimani wiki ile uliyotoka Mombasa, wakumbushe ya kwamba yaweza kuwa malaria.

Kiongozi awe na leseni ya hifadhi, yaani KINAPA, na kampuni iwe na leseni ya biashara ya utalii, waiitayo TALA, ya mwaka huu. Omba picha zake. Kisha mwulize kiongozi mwenyewe, si mtu wa ofisini: mteja akianza kuyumba unafanyaje? Jibu la mjuzi ni hili: humtembeza kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, ni dalili ya ubongo kuvimba, na anashushwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama kilele kimebaki saa moja. Kikohozi chenye povu la waridi ni maji kwenye mapafu, nacho dawa yake ni kushuka. Kipima oksijeni cha kidoleni wawe nacho asubuhi na jioni, na mtungi wa oksijeni, lakini mtungi ni wa kushukia. Anayekuambia "tutakupa oksijeni ufike" mwache. Na asikutishe uitiwe helikopta pasipo haja. Kuna machela ya gurudumu moja mlimani, na wagonjwa wengi hushushwa nayo. Bima yako lakini iandikwe wazi kuwa inafika mita 6,000.

Kwenye bei, waambie wewe ni Mkenya. Raia wa Afrika Mashariki ana ada yake ya hifadhi, ndogo mno kuliko ile anayotozwa mgeni wa mbali. Wapo wanaokupigia hesabu ya Mzungu na tofauti ikaingia mfukoni. Waombe wakuandikie ada ya hifadhi peke yake. Arubuni iende kwenye akaunti ya kampuni na upewe risiti. Kwa namba ya simu ya mtu binafsi, hapana.

Nguo tutazitafuta pamoja Kongowea, kwenye mitumba ya majaketi. Ila jinzi na fulana za pamba zibaki nyumbani, maana zikilowa jasho hazikauki, na kileleni baridi hushuka chini ya nyuzi 10 hasi. Viatu anza kuvivaa leo. Epuka Aprili na Mei, mvua ya masika. Ukivuka mpaka wa Taveta na Holili, uwe na pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Wakishakujibu, nitumie majibu kama yalivyo, pamoja na idadi ya wapagazi na jina la kiongozi. Ile kampuni ya siku tano ikikubali kuongeza siku na bei ikabaki palepale, waulize hiyo siku ya sita mgumu analipwa na nani.

Babako