Mbona Spika Hazipigi? Jibu kwa Wateja Wetu wa Kumbi za Abiria

Lalamiko tunaloletewa mara nyingi kuliko yote tangu tuanze kufunga muziki wa chinichini kwenye kumbi za kusubiria hapa Kigoma si kwamba spika zimekufa. Ni kwamba "hazipigi". Mteja analipa, fundi anakabidhi kazi, kesho yake simu inaingia: "Fundi, hela yote ile, halafu nikisimama mlangoni sisikii mdundo?" Juzi mteja mmoja mwenye ukumbi wa abiria amekwenda mbali zaidi, akatangaza mbele za watu pale Mwanga kwamba tumemfungia vifaa feki. Jina lake halina kazi hapa. Ila maneno yameshatembea mjini, basi tujibu mara moja kwa wote.

Mfumo wake ni mzima. Tumeupima yeye akiwepo. Abiria wa kiti cha mbele na wa kiti cha nyuma kabisa wanasikia kiwango kilekile, wanaongea bila kupaza sauti, na karani akibonyeza maikrofoni muziki unashuka wenyewe, kengele inalia, tangazo linapita, kisha muziki unarudi polepole. Ndiyo kazi tuliyolipwa. Anachokitafuta yeye kinaitwa disko. Hilo nalo tunafunga, lakini halikai mahali ambapo mtu anasubiri kuitwa jina.

Sisi wa mwisho wa reli tumezoea kusubiri: treni, meli, ndege. Abiria wa ndege ndiye mwenye wasiwasi zaidi kati ya hao. Mzigo umepimwa ukazidi kilo, amevuliwa mkanda kwenye ukaguzi, na akishakaa anaambiwa ndege bado haijatoka Dar. Muziki mwororo unamsaidia mtu wa namna hii. Hospitali wamelichunguza jambo hilo kwa wagonjwa wanaosubiri kufanyiwa upasuaji, na mapitio ya tafiti ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2013 yaliona kwamba kusikiliza muziki kunapunguza hofu yao. Upande wa viwanja vya ndege, mwanamuziki Mwingereza Brian Eno alitoa mwishoni mwa miaka ya 1970 albamu nzima aliyoitunga kwa ajili ya majengo ya abiria, na baadaye ilipigwa katika jengo moja la uwanja wa LaGuardia, New York. Masharti aliyojiwekea ndiyo tunayowasomea wateja wetu: muziki uwe unaoweza kukatizwa na tangazo bila kuharibika, na usigombanie nafasi na sauti za watu wanaoongea.

Kwa hiyo katika jengo la abiria tangazo ndiyo bosi. Muziki unaomfanya abiria asisikie "abiria wa kwenda Dar es Salaam" haujamtuliza. Umemwongezea presha, maana sasa kila dakika anageuka kumuuliza jirani, "Wamesema nini?"

Sasa tuje kwenye idadi ya spika, maana hapo ndipo tunapoitwa wezi. Chukua ukumbi wa mita 18 kwa 11, dari ya mita 3. Sikio la mtu aliyekaa liko kama mita 1.2 kutoka sakafuni. Toa, inabaki 1.8. Spika ya darini yenye kutawanya sauti kwa nyuzi 90 inafunika pale chini duara la upana wa mara mbili ya hiyo, yaani mita 3.6. Gawanya urefu unapata tano, gawanya upana unapata tatu, jumla spika 15. Hatujazitoa kichwani wala hatutafuti kuuza mzigo. Kila spika tunaiwekea wati 3 tu. Mara 15 ni wati 45, na amplifaya ya wati 60 inazibeba ikiwa inapumua. Mteja akisikia wati 60 anacheka, kwa sababu nyumbani ana sabufa iliyoandikwa 5000 kwenye boksi.

Hiyo sabufa ndiyo njia ya mkato inayopendwa kuliko zote. Inaagizwa Kariakoo, inashuka na basi, inapandishwa juu ya kabati karibu na dirisha la tiketi, bluetooth inawashwa, kazi imeisha. Sauti kwa kawaida, mahali pa wazi, inapungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Aliye mita 2 kutoka kwenye sabufa akipata desibeli 80, wa mita 16 anabaki na 62. Ndani ya ukumbi kuta na vioo vinarudisha sauti kiasi, lakini kinachomfikia yule wa nyuma ni mwangwi. Ni sawa na kumwaga chumvi yote upande mmoja wa sufuria ya mgebuka. Unaongeza sauti ili wa nyuma asikie, wa mbele anaziba masikio. Halafu watu wote wanaanza kupaza sauti ili wasikilizane, bila hata kujijua. Tabia hiyo ilielezwa na daktari Mfaransa Étienne Lombard zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na ukitaka kuiona kwa macho nenda ofisi yoyote ya tiketi yenye sabufa. Kelele inapanda, karani anaongeza muziki, kelele inapanda tena.

Kuna ofisi moja ya usafiri wa ziwani tuliitwa baada ya mambo kuharibika. Abiria walikuwa wameuhama ukumbi wenye viti na feni, wakajazana nje chini ya mwembe, na karani ikabidi atoke kila safari kwenda kuwaita kwa mdomo. Mama mmoja mwenye madumu ya mawese aliachwa na boti kwa sababu alisikia "saa tisa" wakati iliyosemwa ni "saa sita". Sikio lake halina tatizo. Besi nzito inazunguka muda mrefu kwenye ukumbi wa vigae na vioo, na inazifunika konsonanti, ambazo ndizo zinazotofautisha maneno na zenyewe ni dhaifu. Zikimezwa, mtu anabaki na irabu anazikisia. Ndiyo maana mifumo yetu tunaikata besi ya chini makusudi, na ndiyo maana "haidundi".

Njia ya mkato ya pili ni ghali kuliko ya kwanza, kwa sababu inafanana na kazi ya kweli. Mteja anaona spika zetu za darini, anasema moyoni "kumbe ni vispika vidogo tu", ananunua nane za kawaida za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme, ikishuka amplifaya inalemewa) na kuzifunga zote sambamba kwenye amplifaya ya nyumbani. Mzee wetu mmoja wa hoteli alifanya hivyo. Tulimpa makadirio akaona tunamkomoa, akamchukua fundi wa redio wa mtaani, na kazi ilipowaka alitupigia kututania kwamba amelipa nusu. Spika nane za omu 8 zikifungwa sambamba amplifaya inaona omu 1, na hizo za nyumbani nyingi hazitakiwi kushuka chini ya 4. Ilivumilia kidogo, ikaanza kujizima mchana kukiwa na joto, kisha siku yenye wageni wengi ukumbi ukanuka plastiki iliyoungua. Alinunua nyingine. Nayo ikaungua.

Sisi tunatumia laini ya volti 100. Amplifaya inatoa sauti kwenye volti kubwa, na kila spika ina transfoma yake ndogo ya kuishusha. Faida iko kwenye waya. Wati 60 kwenye omu 8 zinataka ampea 2.7 hivi, lakini kwenye volti 100 ni ampea 0.6. Waya uleule, umbali uleule, upotevu unapungua karibu mara 20, na unaweza kuongeza spika bila kuogopa omu mradi jumla ya wati haizidi uwezo wa amplifaya. Pale hotelini waya mwembamba wa kengele uliotumika tuliutoa wote, tukatoboa upya dari ya jipsamu, fundi rangi akaitwa tena. Mzee alilipa makadirio yetu yaleyale pamoja na amplifaya mbili zilizokufa na rangi. Siku hizi ni mteja mzuri sana na bado anatutania.

Nikiwa hapohapo: zile transfoma zina tapu za kuchagua wati, kwa mfano 1.5, 3 na 6. Tafadhali msizipandie ngazi. Kuna mahali vijana wa usafi walitumwa "waongeze sauti", wakapeleka spika 15 zote kwenye 6. Hiyo ni wati 90 kwenye amplifaya ya 60. Na volti 100 inapiga kweli, msidhani ni waya wa redio.

Kuhusu nyimbo zenyewe tungependa tusiingilie, kila mtu na ladha yake, lakini tumeona mengi. Ukumbi mmoja walichomeka flashi ya meneja bila kuikagua. Alfajiri, watu wanasubiri kwenda uwanjani, ikaanza kwaya nzuri tu, ila wimbo wenyewe ni wa kuaga dunia: kwaherini, safari yangu imefika mwisho. Bibi mmoja akaomba akapumzike nje kwanza. Kwingine karani aliunganisha simu yake, matangazo ya biashara yakawa yanaingia katikati ya nyimbo, halafu simu ikaita, akaipokea bila kukumbuka bluetooth, na ukumbi mzima ukamsikia mtu wa kausha damu akimdai rejesho. Tangu hapo tunaweka kicheza muziki chake peke yake, hakina laini ya simu.

Tunachopendekeza ni ala zaidi ya maneno, mwendo wa pole, nyimbo zisizorukaruka kutoka kimya hadi makelele. Magitaa ya muziki wa dansi wa zamani yakipigwa bila waimbaji yanakaa vizuri sana ukumbini, marimba na zeze pia. Wenye maduka ndani ya jengo la abiria nao wasilalamike kwamba muziki wa pole unalaza biashara. Utafiti wa Ronald Milliman katika duka kubwa nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 1982, ulikuta wateja wanatembea polepole zaidi muziki ukiwa wa taratibu, na mauzo yakapanda.

Na nyimbo hizo zina wenyewe. Kuzipiga mahali pa biashara kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Waulizeni COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, utaratibu na ada za sasa kabla ya kuwasha. Akaunti ya Spotify unayolipia mwenyewe ni ya matumizi binafsi, haifanyi ukumbi uwe halali. Gharama hiyo haimo kwenye makadirio yetu, tunaisema mapema ili tusilaumiwe.

Wanaotuuliza kwa nini tunazidi fundi wa mtaani, wengi hawajafika darini. Popo wa Kigoma hawana adabu, hivyo spika zetu zote zina mfuniko wa nyuma. Umeme unapanda na kushuka, na masika radi hazichezi, kwa hiyo kuna stabilaiza na waya wa ardhi hata kama hamkuviomba. Amplifaya tunazochagua zina sehemu ya betri ya volti 24, yaani betri mbili za 12 kwa mfululizo, kwa sababu umeme ukikatika muziki unaweza kungoja lakini tangazo la kuwatoa watu nje haliwezi. Na kabla ya yote tunakuja na kipimo cha desibeli ukumbi ukiwa umejaa, wala si siku ya Jumapili pakiwa patupu, tunapima kelele ya watu, kisha tunalipanga tangazo lipite kelele hiyo kwa desibeli 10 hivi na muziki ubaki chini yake. Mvua ikipiga kwenye mabati ambayo hayana dari, zimeni muziki kabisa, acheni maikrofoni. Hakuna amplifaya ya kushindana na mvua ya hapa.

Kupima na kuandika makadirio ndani ya Kigoma mjini na Ujiji hatutozi. Kasulu, Uvinza na Buhigwe mtatulipia nauli. Tunaanza kazi kwa advansi ya nusu, nusu nyingine ni baada ya kukaa pamoja kwenye kiti cha nyuma kabisa na kusikiliza tangazo. Dhamana ni mwaka mmoja kwa vifaa na ufungaji, na haihusu amplifaya iliyofunguliwa na mtu mwingine, tapu zilizoguswa, wala sabufa iliyochomekwa kwenye laini yetu ili "isaidie".