Ule mnara tulouona Charleston

Yakhe, salaam aleikum,

Natumai u mzima huko na meli haikutesi sana. Huku sote wazima, mama anakusalimu na kila siku anauliza utarudi lini, nikamwambia hilo amuulize kapteni.

Juzi jioni nlikuwa Laitihausi hapa Mombasa na watoto, mihogo, pilipili, ndimu, unajua mwenyewe, afu mdogo akaniuliza baba mbona hapa panaitwa Laitihausi na mimi sioni taa. Nlicheka wallahi. Manake kweli, sisi tumekuja pale toka tuko na kaptula za shule na sidhani kama kuna siku tuliinua macho tukaangalia ile taa ya Serani, macho yote kwenye karai la mihogo. Nikamuonyesha, na palepale nikaukumbuka ule mnara wa taa mimi nawe tulouona tukiingia Charleston, ule wa mistari iliyofifia, umesimama peke yake ndani ya maji umeinama kidogo, ukaniambia hawa Wamarekani wana wazimu, nani anajenga mnara mrefu vile baharini na nchi kavu ile pale?

Basi nimekaa usiku mbili tatu nausoma. Yakhe, hawakuujenga baharini. Waliujenga nchi kavu, kwenye kisiwa kinaitwa Morris Island, bahari ikawafata.

Kwanza pale palikuwa na mnara tangu 1767 enzi za Waingereza, ukaja mwingine, huo ukabomolewa wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Huu tulouona uliwashwa 1876, futi 161 kwenda juu, na chini walipiga nguzo za mbao kwenye matope, zinaenda futi 50 huko ndani, juu yake zege. Walinzi wa taa waliishi hapo na familia zao, nyumba, watoto, hata mwalimu wa kuwafunzia. Mwaka 1886 ikaja zilizala kubwa, ikatia ufa ukuta na kuitoa lenzi mahali pake, mnara haukuanguka. Kwa hivyo si kwamba ulijengwa vibaya, fundi alijua kazi yake.

Kilichouponza ni bandari. Mlango wa Charleston ulikuwa na mafungu ya mchanga yanahamahama, meli kubwa haziingii kwa raha, basi kuanzia 1878 wakajenga kuta mbili ndefu za mawe kuingia baharini ili maji yakitoka yatoke kwa nguvu yachimbe mfereji yenyewe. Ikafaulu, ndio mimi nawe tukapita. Lakini mchanga wa pwani ile unasafiri toka kaskazini kwenda kusini, ulipofika kwenye kuta ukazuiwa, na kisiwa kiko upande wa kusini. Kikawa kinaliwa na hakuna mchanga mpya wa kujaza. Afu sikia hii, aliyezichora hizo kuta ni Quincy Gillmore, jenerali yuleyule ambaye 1863 askari wake walikufa kwa mamia wakikipigania hichohicho kisiwa. Alikiteka kwa bunduki, mchanga wake ukaondoka kwa kalamu yake.

Kufika 1938 maji yako mlangoni. Wakaifanya taa iwe inajiwasha yenyewe, nyumba zikavunjwa, wakazungushia msingi ukuta wa chuma. Mwaka 1962 wakaizima kabisa, wakajenga mpya ng'ambo ya pili ya mlango wa bandari, ina pembe tatu na lifti ndani, ili mlinzi asipande ngazi kama mwendawazimu. Mnara wa zamani ukauzwa kwa watu binafsi, na kwa miaka mingi haukuwa na wa kuulilia.

Mpaka 1999, kikundi cha watu wa pale kinaitwa Save the Light kikaununua dola 75,000. Ploti ya Nyali haupati kwa pesa hiyo! Lakini ndio nlichopenda, hawakuanza na rangi. Mtu wa kwetu angeanza na rangi na bango la mheshimiwa. Wao wakaanza chini, manake zile nguzo za mbao zilikuwa zinatafunwa na wadudu wa baharini, wale wale wanaotufanya tupake chombo deheni, juu mnara mzima, chini mbao zimekuwa kama sponji. Kufika 2008 msingi umezungukwa na boma jipya la chuma, 2010 wakapenyeza nguzo mpya nyembamba chini yake ziubebe. Mistari wakaiacha imefifia vilevile.

Nakuandikia haya yote kwa sababu ya ami kule Bamburi. Unakumbuka ule mnazi tuliofunga hamoki? Haupo. Jirani wa ploti ya pili alijenga ukuta wa mawe kuzuia mawimbi, mzuri kweli, kwake mchanga umekaa, kwa ami kusi moja tu imekwenda na hatua kumi. Ami anasema ni bahari imekasirika, nami nlikuwa nasema hivyohivyo mpaka nliposoma habari ya huu mnara. Sasa kwenda kumwambia jirani ni shughuli, mtu alijenga kwake kwa pesa yake. Hata Fort Jesus, karne nne na ushee, imebidi ijengewe ukuta upande wa bahari juzijuzi tu kwa sababu mawimbi yalikuwa yanaila miamba ya chini, na watalii wanapiga picha mizinga.

Jumamosi ni bamvua, nakwenda na mtoto wa ami tupige vigingi pale ufuoni, tuwe tunapima kila mwezi. Asiponisikiza jirani, ataona vigingi.

Nawe ukipita tena Charleston nipigie picha ya ule mnara, lakini sio ya juu yakhe, za juu zimejaa kwenye intaneti. Vuta pale chini, kwenye maji.

Nduguyo wa Kibokoni