Na vitambi vya waheshimiwa vipimwe

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu 1991 na sijawahi kukuandikia hata mstari. Ila ile makala ya Jumapili kuhusu unene wa akina mama, na ile picha ya mwanamke iliyopigwa kwa nyuma akiwa sokoni, khanga imembana, kichwa mmekikata, imenishinda. Huyo ana watoto, na khanga ya mama yao wanaijua.

Mimi ni bonge. Nasema mwenyewe msije mkahangaika kunitafutia neno. Wala sibishi kwamba unene una madhara. Dada yangu amekatwa mguu kwa kisukari.

Lakini sikilizeni. Machi nilikwenda kituo cha afya, sikio linatoa usaha. Mizani iko koridoni, mbele ya benchi la wagonjwa. Nesi, binti wa kumzaa mimi, akapaza sauti, "Mia na nne!" kama konda anayeita abiria wa Mbagala. Ukanda wa kupimia presha akauzungusha mkononi mwangu, ukafyatuka. Akauzungusha tena, akaukandamiza kwa kiganja: 162 kwa 100. "Mama, presha hiyo. Punguza chipsi." Chipsi zenyewe hata sili, zinanipa kiungulia. Nikatoka na dawa za presha na karatasi ya vyakula iliyoandikwa brokoli, kitu ambacho ukikiulizia sokoni Tandika wanakutazama usoni. Sikio halikuchunguliwa! Wiki mbili baadaye, kwingine, daktari akaagiza ukanda mpana, akanieleza kwamba ule mdogo kwenye mkono mnene hupandisha presha isiyokuwepo. Ikasoma 128 kwa 80. Sikio nalo ngoma ilishatoboka. Sasa bodaboda akinipigia honi upande wa kushoto sisikii, halafu ananitukana kwamba bonge mzito kupisha njia.

Na hicho kipimo cha unene mlichokisifia, cha kugawa kilo kwa urefu mara urefu, asili yake ni Quetelet, Mbelgiji wa hisabati na nyota, karne ya 19, aliyekuwa akimtafuta mtu wa wastani. Udaktari hakusomea. Nimefundisha hisabati miaka 31 na sijawahi kuona wastani ukiumwa sikio.

Wanaume je? Kitambi cha mwanamume mnakiita mambo safi, kinawekewa kiti cha mbele harusini, wakati wataalamu wanasema mafuta ya tumboni ndiyo hatari kuliko ya nyongani. Mwanamke akinenepa ni janga, akikonda mnanong'ona ana ngoma, yaani Ukimwi. Hapo bado sijagusa nguzo za umeme: tangazo la dawa ya kuongeza makalio juu, la kupunguza tumbo chini, namba ya simu ileile. Juzi nimemkuta mjukuu wangu wa kidato cha pili akiinakili kwenye daftari la jiografia. Hilo makala yenu haikuliona.

Kwa hiyo naomba mnunue futi moja ya fundi cherehani, haizidi bei ya magazeti mawili. Mwandishi wenu aanzie hapo hapo chumba cha habari, kisha aende kwenye semina yoyote ya waheshimiwa. Mwanamume akizidi sentimita 102 kiunoni, apigwe picha, mumtoe ukurasa wa mbele Jumapili ijayo. Kichwa mkate, kama kawaida yenu.

Bonge, mwalimu mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam