YAH: MALALAMIKO JUU YA BENKI ZA SAUTI MLIZONIHAMISHIA

Chake Chake, Pemba
14 Aprili 2025

Kwa Meneja,

Assalaam aleikum.

Mwezi wa Februari nilikuleteeni kwa boti, kutoka Mkoani, kisanduku cha disketi 23 za sampla ya kikundi chetu cha taarab, yaani mashine inayohifadhi sauti za ala na kuziliza kwa funguo za kinanda. Tulikubaliana mzihamishe benki zote, yaani sauti pamoja na mipangilio yake, kwenye kadi ya kumbukumbu, ili sampla yetu, Akai S3000XL, izisome kwa njia ya SCSI, mlango wake wa kuungia vifaa vya kuhifadhia, maana disketi kwa unyevu wa huku zinaota kuvu. Nililipa Sh. 180,000 kabla ya kazi, na risiti ninayo.

Kadi ikatangulia kuja, disketi zikabaki kwenu. Ndani mna mafaili ya sauti ya kompyuta, WAV, ya biti 24. Sampla hii ni ya biti 16, na hata ukiijaza kumbukumbu yote haivuki megabaiti 32. Disketi tisa za ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ambazo zote pamoja hazifiki megabaiti 15, mmezifanya megabaiti 47! Kadi nayo mmeifomati kwa mtindo wa Windows, kwa hiyo sampla haiitambui hata kidogo.

Hayo nilihangaika nayo mwenyewe usiku kucha, kwani Ijumaa tulikuwa na arusi Wete. Nikapunguza mafaili, nikayapanga upya kwenye funguo. Nyimbo mbili za mwanzo zilipita. Ya tatu ilikuwa ya Rast, mpangilio wa noti wa Kiarabu, na nilipoigusa noti ya Mi tu, mpiga fidla akashusha upinde akanigeukia. Mi ya Rast inakaa kati ya Mi ya kinanda na Mi bemoli. Kwenye benki yetu nilikuwa nimeishusha senti 50 za muziki, yaani robo ya toni, kundi la funguo moja baada ya jingine. Nyinyi mmechukua sauti tupu, marekebisho yote ya noti mkayaacha. Alama za kuzungusha sauti pia hazimo, ndiyo maana ukishikilia ufunguo wa fidla, sauti inakatika njiani.

Nilipokupigieni simu kijana wenu alinijibu, "Sauti si zipo, mzee?" Zipo. Lakini mimi sikulipia sauti, nimelipia benki: ufunguo gani unalia kipi, kwa nguvu gani, umeshushwa kiasi gani. Hiyo ndiyo kazi iliyonichukua miezi.

Disketi zenyewe zimenifikia wiki iliyopita, na mbili za ganuni ni tupu. Nadhani najua ilivyokuwa. Disketi ya Akai imegawiwa sekta, yaani vipande vya kuhifadhia, za baiti 1,024, ya kompyuta ni baiti 512. Ukiitia, Windows inadhani haijafomatiwa na inakuuliza uifomati. Mtu wenu akabonyeza ndiyo. Juu ya lebo nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu, kwa mkono wangu, USIFOMATI.

Ganuni ile tuliirikodi noti moja moja, nyuzi zake tatu tatu, na umeme ukikatika tunarudia. Mzee aliyeipiga ameshatangulia mbele ya haki. Hakuna wa kumwita arudie.

Kwa hiyo nataka fedha zangu zote. Na kama kabla ya kufomati mlichukua nakala kamili ya disketi, sekta kwa sekta, nileteeni nakala hizo kama zilivyo, msizibadilishe kuwa WAV wala kitu kingine. Kama hamkuchukua, niandikieni hivyo kwa barua iliyotiwa saini, nijue. Kazi ya kurudia sikupeni tena.

Nasubiri jibu hadi tarehe 30 ya mwezi huu. Likikosekana, nitaipeleka barua hii pamoja na risiti kwenye Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Kadi nimeifunga kwenye bahasha hii. Disketi mbili zilizofutwa ninabaki nazo.

Wenu,
Mpiga kinanda na mtunza mitambo wa kikundi